Sakafu ya mbao na sitara yake

Neno sakafu lina kisa chake. Waarabu, ambao kwao tumelitwaa, wanaposema saqf hukusudia paa. Sisi tuliokaa chuoni twajua kuwa katika Sura ya Al-Anbiyaa mbingu imetajwa kwa neno hilo hilo. Mswahili amelitwaa neno la juu akaliweka chini ya nyayo zake. Wako wanaocheka na kusema tulikosea. Mimi naona hatukukosea hata kidogo. Katika miji yetu ya mawe, Mombasa, Lamu na kwengineko, watu wamekaa juu kwa juu tangu zama za mababu, na kinachokanyagwa na aliye juu ndicho kinachomfunika aliye chini. Sakafu ya mmoja ni paa la mwenziwe.

Leo nataka tuzungumze juu ya sakafu ya namna moja, nayo ni ile ya mbao ngumu, pamoja na zile mbao nyembamba zinazozungushwa chini ya kuta na kando ya milango. Sababu yangu ni hii: vijana wetu walioko Ghuba na Ulaya wanapeleka fedha nyumbani, na nyumba za wazee wao zinatengenezwa. Hilo ni jambo la heri. Walakini katika kutengeneza, nyumba nyingine huumizwa, na aghalabu jeraha la kwanza huanzia kwenye sakafu.

Sakafu ya asili ya nyumba ya mawe haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya boriti zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe, na juu ya mawe chokaa iliyopigwa kwa vipande vya miti siku baada ya siku mpaka ikashikana. Boriti zilikatwa kwenye mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita 3, vyumba vya wazee wetu vilikuwa virefu lakini vyembamba. Mgeni aingiaye nyumba ya Lamu huuliza kwa nini chumba kimekuwa kama ushoroba. Jawabu liko juu ya kichwa chake.

Zilipokuja mbao zilizopasuliwa kwa msumeno, msaji kutoka Bara Hindi na Burma, na mvule kutoka bara, ndipo mafundi walipoweza kuvuka nafasi pana zaidi kwa mihimili ya mraba. Juu ya mihimili wakapigilia mbao. Hizo ndizo orofa unazoziona katika baadhi ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, zenye roshani za nakshi zinazochungulia barabarani. Ukipanda ngazi zake utasikia sakafu ikikujibu kwa kila hatua, na mwenye nyumba hutambua ni nani anayekuja kabla hajapiga hodi.

Sasa mbao hizo zimezeeka. Nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimeoza pale paa lilipovuja. Mwenye nyumba husimama njia panda: azitoe amwage zege, au atie mbao mpya?

Tupige hesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ukimwaga zege la unene wa sentimita 10 tu, kila mita ya mraba itabeba kilo 240. Mbao ya mvule yenye unene wa sentimita 2 na nusu, mita hiyo hiyo ya mraba, ni kilo 16 au karibu yake. Hata ukiongeza mihimili hufikii robo ya uzito wa zege. Chumba cha mita 3 kwa 5 kilichotiwa zege kimeongezewa zaidi ya tani 3 na nusu. Nani anayezibeba? Ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo huenda zimesimama miaka mia na ushei, na ambazo zilijengwa na mtu aliyejua kuwa juu yake patakuwa na mbao. Ufa hauji siku ya kwanza. Huja polepole, kisha siku moja mwenye nyumba huona kuwa mlango hauingii tena katika miimo yake.

Kwa hivyo nawaunga mkono wale wanaochagua mbao. Lakini mbao nayo ina masharti, na asiyeyajua hupoteza mali.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja mjane, ambaye nitamwita Bi. Mkubwa tu. Mwanawe yuko Ghuba. Kijana huyo aliazimia kumtengenezea mamake chumba cha juu kabla ya arusi ya dadake, na fedha akazipeleka kwa ukamilifu. Mbao zililetwa kutoka bara, nzuri ajabu, zimekaushwa vizuri, nyekundu kama tende. Wakati ulikuwa wa kaskazi, jua kali na hewa kavu. Fundi aliyepatikana alizipokea asubuhi na alasiri akaanza kupigilia. Kwa siku nne akamaliza. Alizibana mbao barabara, ukuta kwa ukuta, hata ukucha haupiti. Juu akapaka vanishi inayong'ara. Arusi ikafanywa, watu wakasifu, na fundi akaenda na ujira wake.

Kisha masika ikaingia. Bi. Mkubwa alikuwa akisikia milio usiku, kama mtu anayevunja kuni. Asubuhi moja akakuta katikati ya chumba mbao zimeinuka mgongo kama samaki aliyevuliwa akipapatika, na misumari imechomoza. Alijikwaa hapo akienda kuchukua udhu, akaanguka. Alhamdulillahi hakuvunjika, lakini alikaa wiki mbili akiswali juu ya kiti. Majirani walisema mengi. Mmoja alinena habari ya jicho baya, mwengine akashauri sakafu yote ing'olewe na zege limwagwe. Na mwanawe kwa simu akawa mkali: "Mama, toa takataka hiyo yote, nitapeleka fedha nyingine." Bi. Mkubwa akamjibu, "Mwanangu, hizo fedha unazipata juani. Ngoja kwanza aje mtu anayejua."

Aliyekuja alikuwa mzee wa asili ya Lamu, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye milango na madau. Nami nilifuatana naye, kwa kuwa ni mtu wa maneno machache na mimi napenda kuyaokota. Hakugusa zile mbao zilizoinuka. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akang'oa kipande cha ubao wa pembeni, akajaribu kupitisha ncha ya kisu baina ya sakafu na ukuta. Kisu hakikupita. Akasema, "Hapana jicho hapa. Mbao imenyimwa pa kwenda."

Maneno haya yataka sharhe. Mti ukikatwa hufa, lakini mbao haiachi kuvuta na kutoa maji ya hewa. Penye unyevu wa hewa wa asilimia 65, mbao hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Unyevu ukipanda hadi asilimia 80, jambo ambalo kwetu si geni, mbao hunywa mpaka ikafika kiasi cha asilimia 16. Inaponywa hutanuka, na hutanuka kwa upana. Kwa urefu haiongezeki kitu cha kuhesabiwa. Sasa chukua chumba cha upana wa mita 3, mbao 30 za sentimita 10 kila moja. Ikiwa kila mbao imeongezeka nusu milimita tu, jambo ambalo jicho halioni, zote pamoja zimeongezeka milimita 15. Ukuta hausogei. Mbao haziwezi kwenda chini, kwani kuna mihimili. Njia iliyobaki ni moja, nayo ni juu.

Wapwani hawakuhitaji kuyasoma hayo vitabuni. Nahodha anajua kuwa jahazi lililopandishwa pwani likakaa juani hufunguka maungio yake, na siku ya kushushwa huvuja mpaka mbao zinywe zijifunge. Nasi watoto wa chuoni tulilijua kwa njia nyingine. Ubao tuliouandikia tuliuosha ukautoa wino, na mvivu aliyeulaza juani upande mmoja aliurudia umepinda kama kigae. Upande wa juu umekauka na kujikunja, wa chini bado una maji. Zile mbao za Bi. Mkubwa zilipakwa vanishi upande wa juu tu. Upande wa chini ulikuwa uchi, ukinywa hewa ya masika bila kizuizi.

Mzee alifanya nini? Kwanza alisubiri, na hilo ndilo lililomtaabisha kila mtu. Alitoa ubao wa pembeni kuzunguka chumba chote, akang'oa safu ya mwisho ya kila upande na zile zilizopasuka, akafungua madirisha, akasema atarudi mvua zikikatika. Mbao alizozing'oa alizipanga ndani ya chumba hicho hicho, kila tabaka likitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, akataka zisiegemezwe ukutani. Bi. Mkubwa alikaa zaidi ya miezi miwili na chumba kilichovuliwa nguo. Mwanawe alipiga simu kila Ijumaa kuuliza. Mamake akamwambia, "Mwenda pole hajikwai, mimi nimeshajikwaa mara moja, yatosha."

Aliporudi, mbao nyingi zilikuwa zimelala zenyewe. Katika sakafu nzima zilizoharibika hazikufika kumi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamtazama siku tatu, na haya ndiyo niliyoyaokota, ambayo atakaye sakafu mpya anaweza kuyafuata.

Mbao zikae ndani ya nyumba kabla ya kupigiliwa, si chini ya wiki mbili, katika chumba kile kile, madirisha yakifunguliwa na kufungwa kama kawaida ya nyumba. Chokaa mpya ya kuta iwe imekauka kabisa. Kila mbao ipakwe mafuta au vanishi pande zote mbili kabla haijalala.

Safu ya kwanza ifuate uzi, isifuate ukuta. Kuta za kale hazikunyooka. Ukiufuata ukuta, utafika upande wa pili ukiwa na pengo la umbo la kabari ambalo haliponi. Uzi uvutwe, safu ya kwanza inyooke juu yake, na baina yake na ukuta ziwekwe kabari za unene wa milimita 12 zitakazotolewa mwisho wa kazi. Upande wa pili iachwe nafasi kama hiyo.

Mbao zikingame na mihimili, na ncha zake zikutane juu ya mhimili, wala zisikutane mstari mmoja safu kwa safu, maana hapo sakafu hupata udhaifu. Mbao za kisasa huwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Msumari hupigwa kwa kuinama kwenye shingo ya ulimi, na mfereji wa mbao inayofuata huja ukakifunika kichwa chake. Lakini mbao ngumu kama mbambakofi haikubali msumari mtupu, hupasuka. Kwanza hutobolewa kwa keekee, tobo jembamba kuliko msumari wenyewe.

Sakafu ya chini, iliyo juu ya ardhi, ni habari nyingine. Mawe yetu huvuta maji na chumvi kutoka chini, na mbao iliyolazwa juu yake moja kwa moja huoza. Kama lazima, iinuliwe juu ya mihimili, na kuta ziachwe matundu ya hewa. Hata zege jipya lisiaminiwe. Bandika kipande cha nailoni juu yake kando zote usiku mzima. Ukikuta umande chini yake asubuhi, fundi arudi kwao angoje. Rai yangu ni kuwa chini pabaki chokaa au vigae, na mbao ipewe orofa.

Sasa nije kwenye ule ubao mwembamba wa pembeni, ambao mafundi wetu huuita skating. Watu wengi huudhani ni pambo, na fedha zikipungua ndio wa kwanza kuachwa. Wengine huupigilia kwenye sakafu kwa misumari mirefu, na hivyo huifunga tena mbao iliyokuwa huru. Kazi yake ni sitara. Unaifunika ile nafasi ya milimita 12 ili uchafu usiingie wala jicho lisiione, na chini yake mbao inakwenda na kurudi na majira ya mwaka bila ya mtu kujua. Kwa hivyo hupigiliwa ukutani tu. Ukuta wa matumbawe haushiki msumari, basi hutobolewa na kutiwa vigingi vya mti mkavu, na ubao ukashikwa hapo. Wakati wa kupigilia, mzee wangu aliweka kipande cha karatasi ngumu baina ya skating na sakafu, kisha akakivuta kikatoka. Upana wa karatasi ile ndio uhuru wa sakafu.

Mlangoni vivyo hivyo. Fundi mvivu hukata mbao kuizunguka miimo na kuziba kwa rojo ya unga wa msumeno. Fundi hodari hulaza kipande cha mbao ya sakafu kando ya mwimo, akauweka msumeno juu yake, akaukata mwimo kwa chini kwa kipimo hicho, na sakafu ikapita chini yake. Utaona kana kwamba mlango umeota pale. Lakini kama mlango ni wa nakshi za kale, msumeno usiuguse. Sakafu na iufuate mlango.

Na mbao gani? Wenye kujua husifu msaji kwa kuwa hauchezi sana na unyevu, na mvule na mbambakofi kwa ugumu wao na kwa kuwa mchwa huwaona shubiri. Sifa hiyo ni ya moyo wa mti. Ile nyama nyeupe ya nje hata katika mvule ni chakula cha dumuzi. Mnunuzi aangalie ncha za mbao na aikatae yenye ukingo mweupe. Pia aulize mbao imetoka wapi. Biashara ya miti imekuwa na mipaka: mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje, na mwaka 2018 serikali ilizuia ukataji katika misitu ya umma, wakataji wa Lamu wakaumia. Mbambakofi wa miaka mia haupandwi leo ukavunwa kesho. Msaji hupandwa, na mashamba yake yako hata kwa jirani zetu, mathalan Longuza huko Muheza. Tena mbao kuukuu ya nyumba yako mwenyewe, ikipigwa randa, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya dukani, maana imekwisha kunywa na kukauka mara nyingi mno hata imechoka kucheza.

Basi ikisha kutengenezwa, sakafu ina adabu zake. Ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, isimwagiwe ndoo. Maji ya udhu yabaki chooni na kwenye beseni. Na kwa kuwa mbao hupaza sauti, tandika mkeka na zulia pale watoto wanapokimbilia. Aliye chini yako ana haki ya ujirani, na kila kishindo chako ni ngurumo kwenye paa lake.

Nilipokuwa nimekaa juu ya ndoo yangu, ubeti huu ulinijia, nami nautoa kwa mafundi vijana:

Ubao uso nafasi, mwishowe utainuka,
Usiubane kwa kasi, ukutani ukashika,
Masika yaja upesi, na mbao zikatanuka,
Haraka ina mkosi, mpole husalimika.

Kwa wale walioko ng'ambo wanaotaka kuwatengenezea wazee wao, nasaha yangu ni fupi. Mnapopeleka fedha za mbao, pelekeni na fedha za kungojea. Mwambieni fundi kuwa ujira wake wa mwisho atalipwa masika ya kwanza ikishapita na sakafu imelala. Fundi anayejua kazi yake atakubali, kwa kuwa ameiacha ile nafasi ukutani na ana yakini nayo. Asiyekubali, mwacheni aende zake na nyundo yake kabla hajapiga msumari wa kwanza.